Sura ya Sita: Nunua Tundu, Mengine Jitengenezee

Jikoni mwa nyumba moja mjini Homa Bay, ambako dirisha la sinki linatazama ziwa, kuna kabati la ukutani ambalo rafu yake ya kati ilikuwa ikicheza. Ukiweka sahani upande wa kushoto, kona ya nyuma kulia inainuka. Mama mwenye nyumba alikuwa amekunja kipande cha katoni mara tatu na kukisukuma kati ya pini na ubao. Kila alipofuta vumbi kilianguka, naye akakirudisha. Fundi aliyelitengeneza kabati hilo ana mkono mzuri: milango imepigwa msasa ikalainika, pembe zimekaa mraba, vanishi haina hata tone lililochuruzika. Nilichukua rula ya chuma nikapima matundu manne yaliyobeba rafu. Matatu yalikubaliana. La nne lilikuwa chini kwa milimita mbili na nusu.

Kabati lile lina matundu 48: safu mbili kila upande, matundu 12 kila safu, ili mwenye nyumba ahamishe rafu apendavyo. Kila tundu lilipimwa kwa futi, likawekwa alama kwa penseli, likapigwa nukta kwa msumari, kisha likatobolewa kwa keekee ya mkononi. Hatua nne mara 48 ni nafasi 192 za kuteleza. Yeyote anayeteleza mara moja tu katika nafasi 192 ni fundi wa kuheshimiwa, na bado rafu yake inacheza. Ustadi wa jicho una mpaka, na mpaka wenyewe uko hapa. Kazi ya matundu mengi yanayolingana inataka jigi.

Jigi ni kipande cha ubao, chuma au plastiki chenye matundu yaliyokwisha kupimwa mara moja, kwa uangalifu wote uwezao kuupata. Unakifunga kwa klampu kwenye ubavu wa kabati, unapitisha biti ndani ya matundu yake, na kipimo kinajirudia bila wewe kushika futi tena. Ndani ya tundu la jigi hukaa bushi, kibomba kifupi cha chuma kinachoishika biti isitangetange. Kuna ukuta wa kuegemea ukingo wa ubao. Kuna pini ya kuchomeka katika tundu la mwisho unaposogeza jigi kwenda mbele. Na kuna stopa inayozuia biti isitokee upande wa pili na kuharibu uso wa kabati.

Kampuni za ng'ambo huuza vitu hivi vikiwa seti. Festool ya Ujerumani ina mfumo uitwao LR 32, ambao hutembeza ruta juu ya reli yenye matundu. Kreg ya Marekani ina jigi ndogo ya plastiki ya matundu ya pini za rafu. Ni zana nzuri, zimefikiriwa na watu wanaoijua kazi. Lakini ya kwanza inataka ruta na reli ambazo karakana nyingi za kwetu hazina. Ya pili, ukijumlisha usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, inaweza kumeza faida ya kabati zima. Kijana anayeanza kazi Rongo au Kendu Bay akiiona bei hiyo anarudi kwenye futi na penseli yake. Sura hii nimeiandika kwa ajili yake, kwa sababu soko la makabati linamjia. Tangu Julai 2022 fanicha inayoingizwa kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iko katika daraja la ushuru la asilimia 35, na mwenye nyumba anayepiga hesabu vizuri anaona heri amwite fundi wa mtaani. Sharti ni kwamba kabati la mtaani lifunge na kufunguka kama lile la dukani.

Sasa ivunje seti kichwani mwako, kipande kimoja kimoja, ujiulize kila kipande kinafanya nini. Ukuta ni ubao ulionyooka. Klampu unazo. Pini ni mkia wa biti kuukuu. Stopa ni kijiti kilichotobolewa katikati na kuvalishwa kwenye biti, ukikikata urefu unaotaka. Kinachobaki ni vitu viwili ambavyo huwezi kuviokota karakanani: tundu gumu lisilopanuka, na umbali wa kweli kati ya tundu na tundu. Hivyo ndivyo unavyolipia unaponunua seti. Vingine vyote ni vya kusindikiza tu.

Hata hivi viwili havihitajiki kila mahali kwa kiwango kimoja. Kabla hujatoa hata shilingi, yagawe matundu ya kabati lako mafungu mawili. Fungu la kwanza ni matundu yanayotakiwa kukubaliana yenyewe kwa yenyewe. Fungu la pili ni matundu yanayotakiwa kukubaliana na kiwanda.

Matundu ya rafu ni ya fungu la kwanza. Tuseme ulitaka tundu la tano liwe milimita 160 juu ya la kuanzia, jigi yako ikalitoboa 163. Kama la kushoto liko 163 na la kulia liko 163, mbele na nyuma, rafu italala sawa kama maji kwenye beseni. Kosa lililorudiwa mara nne kwa uaminifu halionekani kabisa. Kwa hiyo jigi ya rafu unaweza kuipima mwenyewe, kwa rula ya chuma, na ukikosea kidogo dunia haitajua. Unaweza hata kuchagua umbali wako, milimita 50 ukipenda, ukapunguza matundu na ubao ukabaki na nguvu.

Bawaba ni habari nyingine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Ujerumani ilikuwa na miji ya kujenga upya na mbao nzuri haba. Watengenezaji wa fanicha wakageukia bodi za kubandikwa kwa gundi, na viwanda vikaunda mashine zenye vichwa vingi vinavyotoboa safu nzima kwa mpigo mmoja. Vichwa hivyo vilizungushwa na gia zilizokaa bega kwa bega, na umbali wa karibu zaidi ambao gia ziliweza kukaa bila kusongana ulikuwa milimita 32. Namba hiyo ikawa sheria isiyo rasmi ya makabati ya dunia. Bawaba za kikombe za Blum ya Austria na Hettich ya Ujerumani, pamoja na zile za China zilizojaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Migori, karibu zote huifuata: kikombe cha kipenyo cha milimita 35 kwenye mlango, bamba lenye matundu mawili yaliyoachana milimita 32 kwenye ubavu, na mstari wa bamba milimita 37 kutoka ukingo wa mbele. Hapa ukikosea, hata ukilirudia kosa kwa uaminifu, skrubu hazitaingia.

Kaskazini-magharibi ya mji wa Migori kuna Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyojengwa bila chokaa wala udongo wa kushikiza, ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Nimesimama pale nikiwa seremala, nikatazama kuta kwa jicho la seremala. Hakuna mawe mawili yanayofanana, na bado kila moja limekaa, kwa sababu lilichaguliwa ili lipatane na jirani yake. Matundu ya rafu ni kama mawe yale, yanamtafuta jirani tu. Bawaba inampigia hodi mtu aliye Austria au China, ambaye hajawahi kuiona karakana yako, na ambaye hatabadilisha kipimo chake kwa ajili yako.

Tuanze basi na jigi ya rafu, ambayo ndiyo rahisi.

Nilikuwa Rongo, pale barabara ya Homa Bay inapokutana na ile ya Kisii kwenda Migori, katika karakana ya kijana niliyemfundisha. Alikuwa na oda ya makabati ya jiko zima, bodi zimeshaletwa, keekee iko tayari.

"Mwalimu, bushi nitaitoa wapi? Nairobi ni leo na kesho."

"Nenda kwa fundi wa pikipiki hapo ng'ambo, mwambie akupe nati kumi na mbili za spana namba kumi. Na bolti moja yake, ndefu."

Nati ya spana namba 10 ni nati ya M6. Hesi zake zimekatwa ndani ya tundu ambalo kipenyo chake, ukipima kutoka ncha ya hesi hadi ncha ya hesi, ni kama milimita tano. Biti ya milimita 5, ambayo ndiyo kipimo cha pini nyingi za rafu za kisasa, inapita humo ikiwa imebanwa vizuri bila kukwama. Nati moja ina unene wa kama milimita tano, na hiyo haitoshi kuishika biti inyooke. Mbili zikipangana zinafika kumi, na mimi sikubali bushi ambayo urefu wake haufiki mara mbili ya kipenyo cha biti.

Tulichukua kipande cha mvule kilichobaki kwenye mlango wa kanisa, unene wa milimita 20, kikakaushwa na miaka. Tulichora mstari mmoja wa katikati kwa kisu, maana penseli ina unene wake. Kisha tukapima kutoka mwanzo mmoja: 32, 64, 96, 128, 160. Usipime kamwe kutoka tundu moja hadi lingine. Ukikosea theluthi ya milimita kila hatua, kwenye hatua ya kumi umepotea kwa zaidi ya milimita tatu. Kwa keekee ya kusimama ya jirani anayechomelea mageti, ambaye alitutoza pesa ya soda, tulitoboa matundu sita ya milimita 11. Nati ya M6 kutoka kona hadi kona imezidi 11 kidogo, na huko kuzidi ndiko tunakokutaka. Unazivalisha nati mbili kwenye bolti moja ili matundu yao yatazamane, unapaka gundi ya vikopo viwili, unaweka washa upande wa pili na kukaza kwa spana. Kona za nati zinauma ubao zikiingia. Unasikia mvule ikilia polepole, halafu inanyamaza. Gundi ikishakauka unafungua bolti, unapitisha biti ya 5 mara moja kusafisha njia, na bushi yako iko tayari.

Jambo moja tulichelewa kuliona, na lilitugharimu ubao. Kijana alitoboa ubavu wa kushoto, akaigeuza jigi ili atoboe wa kulia, ikageuka juu chini. Umbali kutoka mwisho wa jigi hadi tundu la kwanza haukuwa sawa na ule wa mwisho wa pili, kwa hiyo safu mbili zikapishana. Sasa kila jigi ninayotengeneza ina neno CHINI limeandikwa kwa kalamu nene isiyofutika, pande zote mbili za uso, na huegemezwa ukingo wa chini wa kabati daima.

Nati ni chuma laini na biti ni chuma kigumu. Taratibu biti huzilamba hesi, tundu hupanuka, na jigi huanza kusema uongo bila kukuambia. Ninazipima kwa mkono: nachomeka mkia wa biti mpya ya 5 na kuutikisa. Ukicheza, nati zinatoka kwa kupashwa moto na nyingine zinaingia. Kwa anayetengeneza kabati moja kwa mwezi, hilo linatosha kabisa. Kwa anayetoboa kila siku, huu ndio wakati wa kununua bushi ngumu ya kiwandani. Bushi hizo zina kipimo kinachojulikana, kile cha Kijerumani kinaitwa DIN 179, na ukikitaja pamoja na kipenyo cha ndani, muuzaji yeyote anayejua kazi yake atakuelewa. Pia kuna mafundi wa kukereza vyuma Migori na Kisumu wanaoweza kukukerezea bushi kwa nusu saa. Kabla ya kulipa, muulize kama ataipasha moto na kuizamisha kwenye mafuta ili iwe ngumu. Bushi laini iliyokerezwa vizuri haina tofauti kubwa na nati yako.

Ninaposema ununue vitu kimoja kimoja, sisemi ununue ovyo. Bushi zangu za kwanza ngumu niliziagiza kwa muuzaji mmoja wa mbali. Tangazo lilisema milimita 5. Zilizofika zilikuwa za inchi 3/16, yaani milimita 4.76, na biti yangu ilizikataa. Nilikuwa nimeshatuma M-Pesa na kulipia mzigo wa basi la usiku, na kuzirudisha kungenigharimu karibu sawa na bei yake. Seti ina faida hii moja ambayo lazima niikiri: vipande vyake vimejaribiwa pamoja. Ukinunua mbalimbali, kazi ya kuvipatanisha ni yako. Kwa hiyo nanunua biti kwanza, naiweka mfukoni, na kila bushi au pini inayonijia naijaribu kwa biti ile ile. Na nimejifunza kuogopa inchi inayojifanya milimita. Biti ya 3/16 itakupa tundu ambalo pini ya 5 haiingii bila nyundo, na pini iliyogongwa kwa nyundo hupasua bodi. Ya 13/64 ni milimita 5.16, pini italegea. Mahali pamoja tu inchi na milimita zinasalimiana: biti ya inchi 1 na 3/8 ni milimita 34.93, na kikombe cha bawaba cha 35 kinaingia humo kikibana vizuri.

Hapo tumefika kwenye biti ya kikombe, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Usiibane pesa hapa. Kama una pesa ya kitu kimoja tu kizuri katika jigi yote, iwe hii. Bodi za MDF zimejaa gundi, na gundi hula makali. Biti hafifu inaanza vizuri kwenye mlango wa kwanza, kwenye wa nne utasikia harufu ya kuungua, unga unaotoka utakuwa wa kahawia iliyokolea badala ya rangi ya bodi, na ukingo wa tundu utameta kama uliopigwa pasi. Skrubu za kikombe hazishiki vizuri kwenye bodi iliyoungua. Nunua yenye meno ya kabaidi, hata kama itakubidi usubiri mwezi.

Jigi yake, kwa upande mwingine, ni ubao tu. Chukua kipande kinene cha sentimita mbili na nusu, nenda tena kwa yule jirani mwenye keekee ya kusimama, toboa tundu la kupita kwa biti ile ile ya 35. Mzunguko wa biti utaongozwa na ukuta wa tundu hilo. Kisha piga ukuta wa kuegemea. Ukitaka ukingo wa kikombe uwe milimita 4 kutoka ukingo wa mlango, katikati ya tundu inakuwa milimita 21.5. Lakini soma karatasi iliyo ndani ya boksi la bawaba kwanza, kwa kuwa matundu ya skrubu za kikombe hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na mafundi wengi hutupa karatasi hiyo pamoja na boksi. Angalia pia kina. Kikombe kinataka kama milimita 12 na mlango wako una 18, au 16 kama bodi ni nyembamba, na ncha ya biti hutangulia mbele ya makali. Stopa ya kijiti inakulinda usitokeze ncha hiyo kwenye uso wa mlango.

Jigi ya bamba ndiyo inayostahili bushi mbili ngumu za kiwandani. Matundu mawili tu, milimita 32 kati yao, 37 kutoka ukingo. Mwili wake tumeutengeneza kwa vipande vya alumini ambavyo mafundi wa madirisha huvirundika nyuma ya duka. Kuikagua ni rahisi. Toboa jozi moja kwenye bodi chakavu, chukua bamba lenyewe la bawaba, funga skrubu. Zikiingia zote mbili bila kulazimishwa, namba yako inakubaliana na ile ya kiwandani.

Bushi mbili kwa fundi mmoja zina gharama moja kubwa, nauli. Nauli ya bushi mbili ni sawa na ya bushi ishirini. Ndiyo maana karakana tano za kati ya Rongo na Homa Bay tuliagiza pamoja, oda moja, mzigo mmoja, tukagawana. Wengine walitaka za 5, mmoja alitaka za 8 kwa vigingi vya kuungia. Hesabu iliandikwa kwenye daftari la chama, kama tunavyoandika michango ya mazishi, na kila mtu alitia sahihi alipochukua zake.

Kutoka kwenye oda hiyo tulitengeneza pia jigi mama, ile ambayo haitobolei kazi ya mteja hata siku moja. Ina bushi ngumu kumi na moja kwenye kipande cha flati ya chuma. Tunaikagua kwa kuchomeka mikia ya biti mbili kwenye tundu la kwanza na la mwisho na kupima kati ya vituo vyake: nafasi kumi, milimita 320. Imefungwa kwa kitambaa chenye mafuta kwa sababu hewa ya ziwa haina huruma na chuma. Fundi akitaka jigi ya kazi, anakuja na ubao wake, anaufunga chini ya jigi mama, anatoboa nakala, anaweka nati zake. Lile kabati la Homa Bay tulilirekebisha kwa nakala kama hiyo. Tuliziba safu yote ya nyuma kulia kwa vigingi vya mbao na gundi, tukasubiri ikauke hadi kesho yake, tukatoboa upya.

Nakala ya mwisho imeenda Rusinga. Fundi aliyeitaka alikuja na ubao wa mkaratusi uliokuwa bado na maji, nikamrudisha akatafute mkavu, maana ubao mbichi hujikunja na matundu yake huhama nao. Alirudi na kipande cha mvule cha mtumbwi uliovunjwa, kigumu kama jiwe. Anatengeneza makabati ya vitabu vya shule, yenye bavu pana kuliko ya jikoni, kwa hiyo ataongeza ukuta wa pili ili jigi ifike safu ya nyuma bila kugeuzwa. Tulitoboa matundu yake sita kabla ya saa sita mchana, na nikamtilia nati nane za akiba mfukoni.